Jibu la Mama Lilikuja Kwangu

Nianze na ubaya wangu kabla sijaanza kujitetea, maana mie nikianza kujitetea sinyamazi. Nilimwonea mtu wivu. Na mtu huyo hakuniibia mume wala kazi. Alimwandikia mama yangu kwa daktari, basi! Ndilo kosa lake lote.

Majina sitaji, na la huyo jirani nimelibadilisha. Nyinyi mnaonijua mtanijua tu, na mkinijua msinipigie simu.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kumi na ushei, nikikaa na mama Tottenham, London, kwenye ghorofa za kaunsili, yaani za halmashauri ya mji, lifti leo nzima kesho mbovu. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nimerudi kwa mama na masanduku yangu. Tuko wawili tu. Sisi watu wa Unguja, na mama Kizungu chake chote kilikuwa "thank you", aliyoitumia kwa kila jambo, hata mtu akimsukuma ndani ya basi.

Kwa hiyo mdomo wake nilikuwa mimi. Kwa daktari mimi, kwa kaunsili mimi, kwa fundi wa boila mimi. Nalalamika weee, lakini moyoni napenda.

Daktari wetu wa mtaani akaleta mtindo mpya. Badala ya kung'ang'ania simu asubuhi, unaingia kwenye kompyuta, unajaza fomu, unaeleza kinachokuuma, halafu unajibiwa kwa barua pepe: njoo, au usije, au dawa yako iko tayari. Mama akawa anakaa kando yangu na kikombe chake cha chai.

"Waambie goti la kulia."

Naandika.

"Waambie na presha imepanda."

Naandika.

"Waambie nawasalimu wote."

"Mama! Daktari hasalimiwi kwenye fomu!"

"We mtoto, ndo adabu gani hiyo? Andika."

Naandika, huku nacheka. Kazini nilikuwa karani, mtu wa kupiga fotokopi za wenzake. Lakini pale mezani, mama akiniambia maradhi yake mie nikiyatia Kizungu, nilijiona mtu muhimu kuliko wote London.

Ndipo akaja Njeri.

Mkenya, aliyehamia mlango wa pili kutoka kwetu. Kazi yake kutunza wazee, Jumapili kanisani na kofia. Lifti imeharibika, mama kakwama chini na kiroba cha mchele, Njeri akakibeba begani mpaka juu. Mama akarudi anasema, "Mtoto ana nguvu yule! Na heshima!" Nikasema sawa, Mungu ambariki. Sikujua bado.

Nikawa nikirudi kazini nawakuta jikoni. Mara wanachambua mchele, mara mama anamkaangia maandazi. Maandazi! Mimi niliyeyaomba tangu Ramadhani nikaambiwa goti haliwezi kusimama jikoni. Kwa Njeri goti lilipona!

Siku moja nikafungua kompyuta. "Mama, njoo nikuandikie dawa zako, zinakaribia kwisha."

"Aa, usijisumbue. Njeri keshaniandikia."

Keshaniandikia! Jamani, lile neno liliniingia kama mwiba wa samaki. Nikauliza, anaandikia wapi? Kwake, ana kompyuta yake, na majibu yanamjia yeye. Nikauliza, tangu lini? Mama akasema, "Tangu tangu. Wewe unachoka na kazi, mwanangu." Mimi nimechoka lini? Nani kasema nimechoka?

Na haikuishia kwenye dawa. Nikawa nikiingia jikoni wananyamaza. Mama anajitia kuangalia dirishani. "Hebu kaniangalizie nguo kama zimekauka." Natolewa, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, niende nikahesabu soksi, ili mtu wa kuja juzi aambiwe siri ya mama yangu! Nasimama na soksi mkononi nasikia minong'ono, roho inaniuma mpaka machozi.

Nikamkabili mama. "Unamwambia nini yule ambacho mie siwezi kukisikia?"

"Mambo ya watu wazima."

Watu wazima! Mimi na miaka yangu thelathini na ushei, na talaka yangu kabatini! Na Njeri mwenyewe nampita umri.

Nikanuna. Nikinuna mie, nanuna na vyombo. Sufuria zililia jikoni wiki nzima.

Halafu nikafanya jambo la kitoto, nami naliona la akili. Nikaingia kwenye ile fomu kwa jina la mama, nikaandika: kuanzia leo majibu yangu yote yatumwe kwa binti yangu, kwa anwani hii. Nikaweka anwani yangu ya kazini, ile yenye jina la ofisi, ili waone kuwa mama ana binti mtu wa maana, si wa kuokoteza majirani. Wakajibu vizuri, sawa, tumebadilisha. Nikaenda kula chakula changu cha mchana kwa raha kabisa.

Sikumwambia mama. Sikumwambia Njeri. Nia yangu nini? Nilitaka Njeri asubiri jibu lisije, aonekane hajui. Mama arudi kwangu, aniombe. Nilitaka kuombwa, ndugu zangu. Hilo tu.

Hazikupita siku nyingi, nikiwa kazini, barua ikaingia. Nikaona jina la daktari. Nikajua Njeri kaandika tena.

Nikaiangalia pale kwenye skrini. Nikajisemea, kama kawaida, goti na presha. Waache wangoje. Aniombe kwanza. Sikuifungua, wallahi sikuifungua, nikaendelea na kazi zangu. Kila siku zikaingia barua nyingine za ofisi, ikashuka, ikashuka, mpaka haionekani tena. Lakini nilijua ipo. Msije mkadhani nilisahau.

Njeri akanikuta kwenye ngazi, anatoka zamu, macho mekundu.

"Dada, pole kukusumbua. Kuna barua ya daktari imekuja kwako? Hizo zingine zilikuwa zinakuja kwangu, hii sijaona kitu."

"Hakuna."

"Uko sure? Ni ya mum. Ni ya muhimu, dada."

Sikieni hapo. Aliniambia ni ya muhimu! Nami nikasikia nini? Nikasikia mtu wa nje ananifundisha umuhimu wa mama yangu.

"Njeri, ingekuja ningekwambia. Hawa madaktari ndivyo walivyo, hawajibu. Na mama ni mama yangu."

Akaniangalia kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi na hajui kosa lake. Akasema, "Sawa, dada. Nitamwambia tuandike tena." Nami nikapanda ngazi nimeshinda.

Hawakuandika tena. Sababu niliijua baadaye. Mama alikataa. Alimwambia Njeri, "Nimesema mara moja, na lile moja liliniua kwa haya. Kama wamesoma wakaona si kitu, basi si kitu." Watu wa daktari walipiga na simu nyumbani. Mama akisikia Kizungu anasema "thank you", anakata.

Miezi ikapita. Mama akakonda, nikasema ni umri. Akaacha kwenda kwenye maulidi ya watu, nikasema ni goti. Nikafurahi kidogo, nawaambia ukweli, maana na jikoni kwa Njeri pia alipunguza. Nikadhani ananirudia.

Ikafika Idi. Wageni wamekuja, wamekula biriani, wameondoka. Mama akainuka kwenye kochi kunisaidia vyombo. Nikaona kochi. Nikaona kanga yake nyuma.

"Mama! Damu!"

Akajishika, akajifunga upya haraka haraka, hataki nimwone. Mwanamke aliyekwisha kukata damu tangu mie niko skuli! Nikamwambia tangu lini? Akawa anaficha uso.

"Siku nyingi. Nilishawaandikia madaktari. Hawakunijibu."

Nikakaa chini kwenye zulia. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia mimi, mama? Mimi mwanao?

"Kwa sababu wewe ni mwanangu," akasema. "Mambo ya chini mtu atamwambiaje aliyemtoa huko huko? Yule ni mtu wa kando. Nimemfanya somo yangu."

Somo! Nami nilipoolewa, si mama aliyenifunda. Kwetu mama hamfundi bintiye, kuna haya baina yao. Alitoka chumbani, akamwachia somo yangu, ndiye kungwi wangu, bibi mmoja wa Thornton Heath, ndiye aliyeniambia yote. Nikaona ni sawa, ni adabu, sikumwonea mtu wivu. Sasa mama katika ubaridi huu hana dada, hana shoga wa utotoni, kajitafutia somo mlango wa pili, na mie binti wa Unguja, niliyefundwa, sikulitambua. Nilikuwa nahesabu maandazi.

Usiku ule ule tulikimbilia hospitali. Siku ofisi ilipofunguliwa nikaitafuta ile barua. Ilikuwa fupi. Tafadhali tunataka kukuona wiki hii, usingoje. Na chini yake maneno ya mama kama Njeri alivyoyaandika, kwa Kizungu chepesi, kila kitu wazi: damu, maumivu, tangu lini. Na mwisho kabisa: mum anasema anawasalimu wote.

Naye aliziandika salamu! Mimi nilidhani ni mimi tu.

Daktari wa hospitali akaniita kando ya kitanda, akauliza mbona amechelewa hivi. Nikamtafsiria mama. Mama akasema, "Mwambie niliandika, hawakujibu, lakini sina kinyongo nao. Wana wagonjwa wengi."

Mdomo wake nilikuwa mimi tena. Ndicho nilichokuwa nakitaka, si ndiyo? Nikamgeukia daktari nikasema kwa Kizungu kizuri, "Anasema hakujua kama ni jambo kubwa."

Mama akatikisa kichwa kukubali, akidhani nimemsemea vyema. "Thank you," akamwambia daktari.

Walimpasua, wakakuta saratani imeshatambaa. Hakuna aliyeniambia kwa uhakika kuwa ile wiki ingemwokoa. Wala hakuna aliyeniambia isingemwokoa. Mama alifika kuyaona maua ya bustani ya hospitali kupitia dirishani, akafariki. Alifariki akiamini kuwa alivunja haya yake ya maisha yote, akamwambia daktari jambo la aibu, na daktari akalisoma akalipuuza. Nilikuwa na neno moja tu la kumwondolea unyonge ule: mama, walijibu. Nilikaa naye siku zote zile nikimkanda miguu, nikashindwa kulisema.

Kwenye matanga Njeri alikuja na mtandio kichwani, kaazima kwa mtu, haumkai. Akakaa mlangoni kwenye mkeka na akina mama. Watu walipopungua akanishika mkono.

"Dada, nisamehe. Nimefikiria sana. Nafikiri ile siku sikubonyeza vizuri. Nafikiri haikuenda."

Nikamwangalia. Machozi yanamtiririka, pua imevimba. Hapo ndipo ningesema! Watu wachache, mlango umefungwa, na yeye mwenyewe kanifungulia njia.

Nikamwambia, "Usijilaumu, Njeri. Ndiyo siku zake zilifika."

Ninyi mnaosoma, sikilizeni. Ukiona mama yako ana mtu wake wa kunong'ona naye, mkaribishe mtu huyo, mpikie chai, toka uende zako ukahesabu soksi! Kuna maneno mama hawezi kukwambia wewe kwa vile anakupenda. Na kama kuna barua umeishikilia kwa kununa, ifungue leo. Usingoje uombwe.

Njeri mpaka leo ni jirani yangu. Hakuolewa, nami sikurudi kuolewa. Maandazi anapika yeye sasa, kwa mkono wa mama, na huniletea yakiwa moto.

Ila kaharibika kitu kimoja. Hatumi ujumbe wowote peke yake. Iwe ni fomu ya daktari, iwe ni salamu za Krismasi kwa dada yake Nakuru, anakuja kunigongea, ananionyesha simu.

"Dada, hebu niangalizie. Imeenda?"

Nami huangalia, nikamwambia, "Imekwenda, Njeri."

Na ile ya mama ilikwenda. Hilo bado sijamwambia.