Programu Inayofuta Mvua

Fundi mmoja wa Msasani, hapa Tukuyu, amegeuza chumba chake cha kulala kuwa studio. Mwezi uliopita nilimkuta na wanakwaya wa Kawetele, aliowarekodi siku ya mvua wakiimba kwa nguvu zote kuishinda kelele ya bati. Kompyuta yake ilikuwa na programu mbili za kusafisha sauti, nao wachague moja.

Ya kwanza iliiacha mvua. Ya pili, ya bei mbaya, iliifuta yote. Fundi akakunja mikono kungoja sifa.

Mama kiongozi akainamia spika. "Mwanangu, turudishie mvua yetu. Bila mvua, watu watauliza tunamfokea nani."

Ikarudishwa. Nakala moja ya wimbo nilimpelekea dada yangu Dodoma. Alipoiwasha tu, akatoka mbio kuanua nguo.