Tulitembea Butembo na kuku mukononi

Leo nilisikia haya sana kwa ajili ya kuku moja!

Rafiki yangu Clarisse, mwalimu wa kutoka Kasaï mwenye anafundishaka Beni, alikuja kuona Butembo.

Tulianza kwa mama yangu. Mama akamupatia kuku muzima, vile tunapokeaka mugeni.

Basi kathedrali, juu ya pikipiki, soko: kote na kuku!

Mimi: "Tuiache kwa mutu."
Yeye: "Hapana!"

Kwa soko, mama mumoja muuza-maharagi akaona ile kuku, akasimama, akamukumbatia Clarisse:
"Karibu, binti yangu. Kumbe uko na bantu, watu wako, huku!"

Clarisse akalia palepale. "Tangu nifike, hakuna mutu aliniambia vile."

Mama wa maharagi, wasingya, vile tunasemaka huku, asante sana.

Kwa picha zote tulipiga, kuku iko katikati. Sasa muniambie: nani atasubutu kuichinja?