"Posta" hasomi barua ya mtu, lakini siri za ofisi nzima anazo

Saa mbili na nusu asubuhi. Dereva wa ofisi ya maji anasukuma mlango wa chumba cha seva, anachungulia nyuma yake, kisha anaufunga polepole kama mtu aliyekuja kuiba. Ndani kuna baridi ya kiyoyozi, makabati mawili ya mashine zenye vitaa vya kijani, na mwanamke aliyevaa sweta na soksi nzito. Macho yake yako kwenye skrini.

"Shikamoo, baba," anasema mwanamke bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja mwenyewe, kabla hujaisoma."

"Kusoma nini?"

"Ile barua pepe. Niliomba kazi kwingine. Nikaandika nina miaka thelathini na tisa."

Mwanamke anageuka, anazitazama mvi za dereva, anajizuia kucheka. "Baba, mimi barua yako siioni. Naona imetoka kwako, imekwenda wapi, na saa ngapi. Basi. Yaliyomo siyajui."

"Kwa hiyo hukujua?"

"Sikujua. Sasa najua."

Dereva anajishika kichwa na kutoka bila kuaga.

Huyo ni wa tatu wiki hii, na leo ni Jumanne. Mwenye chumba ni fundi wa kompyuta wa miaka thelathini na mbili, mke wa mshona nguo, na ofisi nzima inamwita Posta. Jina hilo halipendi hata kidogo, ila ameshachoka kubishana.

Kazi yake, ukimwomba aieleze, anaieleza kama mtu aliyeieleza mara mia na hakueleweka hata mara moja. Barua pepe zote zinazoingia na kutoka ofisini hupita kwanza kwenye mashine ambayo wao huiita geti. Geti huzipekua. Iliyo salama hupita, yenye sumu huwekwa kando, karantini, na kila tukio huandikiwa mstari mmoja: nani katuma, kwa nani, saa ngapi, imepita au imezuiwa, na nani kabofya asichopaswa kubofya. Kwa siku huwa ni mistari kama elfu kumi na nane.

"Zamani mistari ile ilikuwa inalala humu humu ndani, haisomwi na mtu," anasema. "Mimi kazi yangu ni kuitoa. Kila mstari ukiandikwa, papo hapo nakala inakwenda kituo kikuu cha ufuatiliaji. Kule kuna watu wa zamu wanaotazama mageti ya ofisi nyingi kwa pamoja. Geti ni mlinzi wa mlangoni, kituo ndicho mkuu wa ulinzi. Mimi nimewavutia waya waongee."

Kuuvuta waya huo kulimtoa jasho miezi mitatu. Kwanza mistari haikufika kabisa. Kisha ikafika nusu nusu, kichwa cha mmoja na mkia wa mwingine, hadi kituo wakampigia kumuuliza kama amewatumia mafumbo. Ilipoanza kufika mizima, anasema, alisimama akacheza peke yake mbele ya kabati la mashine.

Hata mwandishi wa makala haya alionja makali ya geti. Barua yangu ya kuomba mahojiano ilikaa karantini siku mbili. "Lilikuona tapeli," Posta aliniambia tulipokutana, wala hakuomba radhi.

Balaa la maungamo lilianzishwa na mkurugenzi. Waya ulipokuwa tayari, alitoa tangazo fupi: kuanzia Jumatatu, kumbukumbu zote za barua pepe zitapelekwa kituo kikuu. Ni kweli tupu, ila hakufafanua kumbukumbu ni kitu gani. Ofisi ikaelewa ilivyoelewa. Kila mtu akadhani barua zake zitasomwa na watu wasiomjua, na kwamba Posta atazisoma kwanza ili azipange.

Basi foleni ikaanza. Dada wa mapokezi alikuja kukiri kwamba anauza kuku kwa kutumia anwani ya ofisi. Mhasibu, mama mtu mzima mwenye heshima zake, alikiri kuwa kwa mwaka mzima amekuwa akimtafutia kaka yake mchumba, na kwamba picha aliyokuwa akiituma ni ya kaka huyo enzi hizo bado ana nywele. Wote walipewa jibu lile lile. Hakuna aliyeliamini.

"Mashine hainiambii kitu," Posta anasema. "Wananiambia wao. Nikiwakataza wanadhani nawatega."

Nyumbani nako hapumui. Anaishi na mumewe na mama mkwe katika nyumba ya vyumba viwili, cherehani sebuleni, vitambaa hadi chini ya kitanda. Mama mkwe ameshawatangazia majirani kwamba mke wa mwanawe anasoma barua za wakubwa. Jioni moja alimvuta pembeni. "Mwanangu, zile za mwenye nyumba wetu hazipiti kwako? Nataka kujua tu kama atapandisha kodi."

"Hazipiti, mama. Na zingepita nisingezisoma."

"Sasa wanakulipia nini?"

Mama huyo ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari ameshasema upasuaji hauwezi kungoja mwaka mwingine. Posta, kwa upande wake, alikuwa kwenye mkataba wa miezi sita sita, na alikuwa ameshauhuisha mara tano. Waajiriwa wa kudumu wana bima inayomtibu hadi mzazi wa mwenzi. Wa mkataba hana kitu. Kwa hiyo alichokuwa akikingoja ni sahihi moja tu, ya mkurugenzi, kwenye barua ya ajira iliyokuwa mezani kwake. Na mkataba ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Katika hali hiyo ndipo mkurugenzi aliposhuka mwenyewe hadi chumba cha seva. Hakuwahi kufika huko kabla. Alikosea mlango mara mbili, akaanza kwa chumba cha mafagio.

"Alifunga mlango," Posta anasimulia. "Nikajiambia, basi, na huyu kaja kuungama."

Alikuwa kaja kuungama. Asubuhi ile alikuwa amepata barua pepe ya kumpongeza kwa kuteuliwa Kiongozi Mwadilifu wa Mwaka. Geti liliizuia. Yeye, kwa mamlaka aliyonayo, akaiamuru iachiliwe, akabofya, akajaza fomu, akaweka na neno lake la siri ili kombe lisije likaenda kwa mtu mwingine. Baada ya nusu saa akaanza kujiuliza ni nani hasa aliyemteua.

"Huo mstari ufute," alisema.

"Haufutiki, mkuu. Umeshafika kituo."

"Urudishe."

"Maji yakimwagika hayazoleki, mkuu. Tumeutengeneza hivyo makusudi, mtu wa hapa asiweze kufuta. Wewe ndiye uliyeniamuru."

"Niliamuru kwa ajili ya wengine!"

Posta anakiri kwamba methali ya mkuki kwa nguruwe ilimfika kwenye ncha ya ulimi, akaimeza. Mkurugenzi akatoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Dada, kuna barua yako mezani kwangu. Nilitaka kuisaini leo."

Hapo, anasema, mawazo yalimkimbilia nyumbani. "Nilimwona mama akipapasa ukuta kwenda chooni. Ningekuwa na uwezo wa kuufuta, sijui ningefanya nini. Nakwambia ukweli, sijui."

Kabla hajajibu, simu ya mezani ikalia. Kwa haraka akabonyeza kitufe cha spika badala ya kuinua mkonga wa simu. Ilikuwa sauti ya kijana wa zamu wa kituo kikuu, mchangamfu kupita kiasi.

"Dada wa geti, habari za kazi! Hapo kwenu kuna watu wawili wameingia mtegoni asubuhi hii. Akaunti zao tumeshazifunga. Wa kwanza ni mkurugenzi wenu, kumbe anapenda makombe! Wa pili… wa pili ni wewe, dada."

Ni kweli. Posta naye alikuwa amepata pongezi zake saa ile ile: Mtumishi Hodari wa Mwaka. Yake haikuzuiwa, ilipenya. "Miaka miwili na nusu naomba ajira, halafu mtu ananiambia mimi ni hodari! Nilibofya kabla sijamaliza kusoma. Nilikwishajaza hadi saizi ya fulana." Aliposhtuka, alikaa kwa dakika kadhaa akitafuta namna ya kuufuta mstari wake mwenyewe. Kisha akakumbuka ni nani aliyehakikisha kwamba haufutiki.

Mkurugenzi alimgeukia. "Na wewe?"

"Na mimi, mkuu."

"Kombe?"

"Kombe na fulana."

Hakucheka. Alitoka, na safari hii aliupata mlango mara ya kwanza.

Siku hiyo hiyo matapeli walijaribu kuingia kwenye sanduku la barua la mkurugenzi ili wamwandikie mhasibu kwa jina lake. Walikuta limefungwa. Mhasibu anasema angetii bila kuuliza, maana bosi huwa hapendi maswali.

Pamoja na hayo, barua ya ajira haikuja. Wiki moja ikapita, ya pili ikapita. Wakikutana ngazini mkurugenzi alimpita kana kwamba amepita ukuta. Kituo kikuu kikawaita wote wawili kwenye mafunzo ya kutambua barua za kitapeli, wakakaa benchi la mbele, bega kwa bega, bila kusemezana. Mume wake alianza kushona usiku na mchana ili wapate chochote cha kumpeleka mama hospitali.

Siku mbili kabla mkataba haujaisha, Posta alifungua kompyuta akakuta barua pepe ya mkurugenzi. Kichwa chake: HONGERA, UMECHAGULIWA. Chini yake kiungo cha kubofya.

"Nikasema, hapa sibofyi ng'o! Hata kama ni malaika."

Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akaingia bila kubisha hodi. "Mkuu, hii ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nithibitishie."

"Nithibitishe vipi? Si nimekaa mbele yako!"

"Niandikie kwa kalamu."

Mkurugenzi akachapisha barua ya ajira, akasaini, akagonga mhuri, akampa mkononi. Kisha akasema alichokuwa amekibana wiki zote hizo. "Siku ile ungekubali kunifutia, ningekufukuza kazi mimi mwenyewe."

"Mimi nadhani anatia chumvi," Posta anasema huku akifuta macho kwa mkono wa sweta. "Lakini barua ninayo. Nililia ngazini hadi dada wa mapokezi akanipa kuku bure."

Upasuaji wa jicho la kwanza ni Alhamisi ijayo. Nilipomuuliza ana mpango gani baada ya hapo, nilitegemea aniambie habari za masomo au mashine mpya. Hakutaja hata kimoja.

"Nataka mama anione," alisema. "Nilipoolewa macho yake yalikuwa yameshaziba. Miaka minne tunalala nyumba moja, ananijua kwa sauti na kwa vishindo vya miguu. Sura yangu hajawahi kuiona."

Jioni nilimfuata mama mkwe sebuleni, ameketi kando ya cherehani, mikono magotini. Nilimuuliza kama anaiogopa Alhamisi.

"Niogope nini? Aogope yeye," alijibu akielekeza kidole kwenye mlio wa cherehani, akacheka mpaka mwanawe akaisimamisha. "Miaka minne huyu ananisifia mkewe ni mzuri. Sasa nakwenda kujionea mwenyewe."