Pumzi Tatu za Mama wa Buffalo

Jumamosi iliyopita nilisimamishwa mbele ya watu kwa kosa ninaloliimba tangu nikiwa na miaka tisa. Tulikuwa Columbus, hapa Marekani, kwaya za miji mitatu, tukifanya mazoezi ya ibada ya kumkumbuka mama mwimbaji tuliyemzika Buffalo mwezi jana. Baada ya maneno "Nilichoka mimi", sisi wa Louisville tulinyamaza pumzi tatu. Wengine wote wakaendelea. Mwalimu wa kwaya ya Columbus akaacha kinanda.

"Dada, hiyo nafasi haiko mu wimbo," akasema. "Donc, tuitoshe." Yaani tuiondoe.

Kuieleza yote ni kitabu kizima! Lakini ngoja nikueleze kwa kifupi, ndugu yangu, nafasi ile ilikotoka.

Mama huyo ndiye aliyetufunza kuimba katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Hata wajane waliokuwa hawafungui mdomo walisimama wakaimba nyimbo zake. Kisha yeye akapelekwa Buffalo, sisi Louisville, mtaa wa Beechmont. Hakukubali yaishie hapo. Kila Jumamosi mchana alipiga simu, nasi watoto tukajazana sebuleni kwetu kwenye harufu ya sombe, kisamvu chetu, na mawese, simu tukaiweka ndani ya bakuli la bati ili sauti ipande.

Yeye huko alikuwa anapika, maana jioni aliingia kazini kutunza wazee. Wimbo huo alitufunza mwisho, saa ambayo bukari, ugali wetu, ilikuwa jikoni. Alifika "Nilichoka mimi", tukasikia mwiko. "Bon, mungoje, bukari itaungua!" Akageuza, akihema mara tatu, ndipo akaimba, "Wewe hukuchoka." Ikawa hivyo Jumamosi nne. Ya tano alitaka tuimbe wenyewe asikilize. Tulipofika pale, tukamwachia nafasi ageuze bukari yake. Alicheka mpaka akakohoa. Hakuturekebisha, siku ile wala miaka yote iliyofuata.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikamjibu mwalimu, "Kwenu haiko. Kwetu iko, na mwenyewe aliisikia." Akasema kinanda hakitatungoja, tutaaibika mbele ya watoto wa marehemu. Wenzangu wakaniangalia. Mimi kichwa changu ni kigumu, mama yangu alishakata tamaa. Nikawaambia kesho tunanyamaza, aibu itakuwa yangu.

Jumapili, kanisa limejaa, tulinyamaza. Kinanda kikaenda peke yake kidogo, kikababaika, kikakoma. Columbus na Buffalo nao wakakatika. Katika pumzi zile tatu hapakusikika mwiko. Ndipo iliponiingia kwamba jikoni mwake sasa wanapika watu wengine, na Jumamosi hakuna tena atakayetupigia. Wanetu wanajifunza nyimbo kwenye video, safi kabisa, hazina mtu anayesonga wala kuhema nyuma yake. Nilimkumbuka kwa uchungu ambao hata mazishini sikuupata.

Nililia palepale, mbele ya wote. Lakini kuingia tena kwa "Wewe hukuchoka", hatukukosea.