Ng'ombe Akibadilisha Pembe

Sisi tuliokulia Mikindani enzi za koroboi tulijua kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe. Pembe ikichoka, ng'ombe huhamishia mzigo kwenye pembe ya pili, na hapo ndipo ardhi hutikisika. Basi. Hakuna aliyehitaji chuo kikuu kuelewa hilo.

Nakumbuka alasiri moja tukicheza rede uani kwa bibi, midomo imebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, harufu ya kisamvu cha nazi ikitoka jikoni. Mara sahani za ukutani zikaanza kulia zenyewe. Kuku wakatawanyika. Bibi akatoka mbio na upawa mkononi, akasimama katikati ya ua, akatuita kwa majina, mkubwa hadi mdogo. Kila mmoja alitakiwa kuitika "Nipo!" hata kama amesimama mbele ya macho yake. Kaka yangu Hamisi aliitika kwa kutikisa kichwa, akala upawa.

"Nimekuita kwa mdomo, nijibu kwa mdomo!"

Ndivyo alivyofanya kila ardhi ilipotikisika. Sisi tulicheka sana, kisha tukarudi kwenye mchezo.

Sasa mama ni mimi, na binti yangu Somoe amesomea matetemeko ya ardhi. Alipokuja likizo na wenzake wa chuo niliwapikia wali na pweza, nikamuuliza kila mmoja anasoma nini. Kumbe wameigawana dunia kama nyama ya Idi! Mmoja anasoma mawe, umri wake na jinsi yalivyotokea. Mwingine bahari, na mchanga ambao Ruvuma inaumwaga humo. Mwingine mawingu na mvua. Yule mwembamba mwenye miwani anasoma nyota na sayari, na ndiye aliyekula kuliko wote. Nikawasimulia habari za ng'ombe na upawa wa bibi, wakacheka hadi wakapaliwa.

"Mama, ni vipande vya ardhi vinasukumana," akasema Somoe.

"Vinagombania nini?"

"Joto la chini ndilo linavisogeza."

Vijana wa siku hizi wanalijua joto lililo chini kabisa ya dunia, ila ukiwatuma chumvi jikoni hawaioni.

Ningefurahi kama angechagua nyota, maana nyota ziko mbali. Lakini anayesoma matetemeko hufuata yanakotokea, na sasa Somoe yuko kaskazini, chini ya mlima unaotoa moshi, anafukia vyombo vya kusikiliza ardhi. Tangu aende, sina raha. Mlango ukigongwa tu moyo unanipasuka.

Wiki iliyopita nilikuwa uani napepeta mchele, redio ikatangaza tetemeko huko huko aliko. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Ungo ukanitoka, mchele ukamwagika, kuku wakashangilia. Nikajikuta nimesimama katikati ya ua ule ule wa bibi, naita, "Somoe! Somoe!" Jirani akachungulia kunitazama, akarudi ndani. Hapo nikakumbuka jinsi upawa wa bibi ulivyokuwa ukitetemeka mkononi. Sisi tulidhani ni hasira.

Jua lilikuwa linashuka simu ilipoita.

"Shikamoo mama, mtandao ulikuwa umekatika, tulikuwa..."

Sikuitikia shikamoo. Nikamwita jina lake, kwa sauti, kama anavyoitwa mtoto aliye mbali.

Akaziacha habari za mtandao. Halafu akasema, "Nipo, mama." Nikasikia na yeye analia.

Enzi zetu hatukujua chochote kuhusu vipande vya ardhi, lakini ardhi ilipotikisika wote tulikuwa uani, na sauti ya bibi ilitufikia bila shida. Watoto wetu wanajua kwa nini inatikisika, na wanasafiri kwenda kuisubiri itikisike. Ua bado upo, naufagia kila asubuhi. Nikimaliza nashika simu na kuita jina moja tu, na siku nyingine mtandao hauitiki.