Mzee Abdulswamadu Amwoza Hafsa kwa Ulimi Wake

Abdulswamadu bin Mwinyimvua bin Shaabani, mtu wa Maparoni. Shaabani ndiye aliyefungua shamba la mpunga ambalo ukoo wake unalila mpaka leo. Mwinyimvua, mwaka wa mafuriko, aliwavusha wajawazito wanne kwa mtumbwi mmoja, na hakuna aliyezalia majini. Abdulswamadu mwenyewe amechimba makaburi mengi ya kijiji hiki kuliko mtu yeyote aliye hai, wala hajawahi kuitwa mara mbili. Jambo moja tu lilimshinda tangu utoto: kusema mbele za watu. Ana kigugumizi. Shuleni alikaa nyuma miaka yote, majibu anayo kichwani, mkono hainui.

Basi mtu huyo ndiye aliyetakiwa na mjukuu wake Hafsa amwoze.

Kwetu haki ya kumwoza binti ni ya baba, na baba akiwa hayupo ni ya babu mzaa baba. Lakini wenye haki hiyo karibu wote humkabidhi sheikh aseme kwa niaba yao, kwa kuogopa kukosea. Baba yake Hafsa, marehemu Ally, alikuwa amemwahidi bintiye kwamba yeye hatamwachia sheikh. Ally alifariki Hafsa ana miaka kumi na mitano. Ahadi ikabaki haina mtu.

"Babu, utasema wewe," Hafsa alimwambia, akimpepetea mchele.

"M-m-mimi? Si watarudi na p-posa yao?"

"Warudi nayo. Mimi ulimi wako nimeuzoea."

Seleman, mdogo wake Ally, alipopata habari alimjia baba yake mbio. "Baba, usituaibishe. Wakwe wanatoka Mtunda, watu wa barabarani wale, wana maneno! Utakwama kwenye 'nimekuoza' mpaka pilau liungue. Mpe sheikh."

Mzee alijua akikwama, maneno atapewa sheikh palepale, na ahadi ya mwanawe itakuwa imekufa mara ya pili, safari hii mikononi mwake.

Wiki nzima akawa anakwenda shambani peke yake, ingawa mpunga ulikwisha kuvunwa. Alipanda kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunamokaa kuamia mpunga usiliwe na ndege. Juu ya dungu ulimi wake haukwami. Tangu Hafsa ana miaka sita, walikuwa wakikaa humo wawili: mtoto anapiga bati, pa-pa, pa, na babu anapaza sauti nyuma ya bati, ndege wanatoka mpungani kama moshi. Sasa alilipiga bati mwenyewe, akayasema maneno ya ndoa yote bila kujikwaa. Akishuka ngazi, ulimi unarudi ulikokuwa.

Siku ya ndoa wakwe walikuja kwa boti na maji ya asubuhi. Mzee aliwahesabia muda moyoni. Maji yakipwa kabla hawajaondoka, boti inakaa matopeni hadi jioni. Bwana Abdulhalim, mjomba wa bwana harusi, alikaa mkekani barazani, jicho moja kwa sheikh, jingine kijitoni.

Kwanza mzee alikwenda mlangoni kwa bibi harusi kuomba idhini yake. Kanga ilikuwa imetundikwa mlangoni, Hafsa yuko nyuma yake na wanawake.

"Ha-Hafsa. U-umeniruhusu nikuoze?"

"Nimekuruhusu, babu. Wewe, si mwingine."

Akarudi mkekani. Sheikh alitoa hotuba, kisha akaviunganisha viganja, cha mzee na cha Saidy, bwana harusi. Mkono wa Saidy ulikuwa umelowa jasho. Mzee akafungua kinywa.

"Ni-ni-ni..."

Akaanza upya. "Ni-ni-ni..."

Seleman akainamisha kichwa. Bwana Abdulhalim akakohoa. "Sheikh, msaidie mzee wetu. Maji hayo yanatoka."

"Ndoa haina saa ya boti, bwana," sheikh akajibu. Lakini naye alimtazama mzee kwa huruma, na huruma ile ilimwuma kuliko kikohozi. Mkono uliozoea bati ulikuwa umeshikwa na Saidy. Aliwaza: mwanangu Ally, nisamehe.

Hapo ndani ya nyumba kikasikika kishindo cha sinia.

Pa-pa. Pa.

"We mwali, una wazimu?" mwanamke mmoja alifoka. "Bibi harusi anapiga sinia!"

Pa-pa. Pa.

Mzee akafumba macho. Aliuona mpunga wote, na mtoto wa miaka sita mwenye kipande cha bati kikubwa kuliko kifua chake. Sauti ikatoka, ile ya shambani, iliyosikika mpaka kijitoni:

"Nimekuoza mjukuu wangu, Hafsa binti Ally, kwa mahari tuliyokubaliana!"

Saidy alishtuka, nusura auvute mkono. "Nimekubali kumuoa Hafsa binti Ally kwa mahari tuliyokubaliana!" alijibu kwa sauti kubwa vilevile, na baraza zima likacheka. Vigelegele vikapasua ndani. Sinia halikunyamaza.

Bwana Abdulhalim alitazama kijitoni. Boti ilikuwa imelala ubavu matopeni. "Haya," akasema, "leteni basi hilo pilau."

Watu walipoanza kunawa, Seleman alikuja kuketi karibu na baba yake. Alikuwa akifuta macho kwa kofia.

"Baba, nilikosea."

Mzee akamshika goti. "B-binti yako S-Salama naye anakua."

"Bado mdogo, Baba."

"A-atakua. Siku yake usimpe sheikh. U-utamwoza wewe, kwa kinywa chako. Kesho twende dunguni, u-ukaanze kujifunza."

"Lakini Baba, mimi sina kigugumizi."

"N-ndiyo maana," mzee akasema, akimsogezea sahani. "Huna cha kusingizia."