Kazi Yangu ya Shaba Ilishinda, Sasa Baba Halali Usingizi

Bamama na bababa benye kusoma ukurasa huu, gazeti limeficha jina yangu, na mi nimebadilisha hata kitu nilichosuka. Tuseme ni kuku. Mwenye kunitambua, ninamuomba anyamaze.

Niko binti wa miaka kumi na tisa, siyaolewa bado. Tunaishi kampi ya kampani ya shaba, hapa Elisabethville. Baba ni fundi wa umeme wa kampani.

Nkambo yangu, mama ya mama, alinifundisha kusuka vikapo vya matete kama kwabo kaskazini. Mi nikajaribu na nyuzi za shaba. Baba alikuwa ananiletea vipande, anasema, "Ni vyenye bazungu banatupa inje." Nikasuka kuku anayefunika vifaranga. Masista ba misioni banaiona, banaipeleka kwenye mashindano ya vijana ba Kongo muzima. Ikashinda Katanga! Siku banaita jina yangu kule Kamalondo, salle ya mikutano ilijaa, mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Sasa inafaa niende Leopoldville, kwenye mashindano ya mwisho. Mwenye kushinda kule atapata masomo na atelier, nyumba ya kufanyia kazi, yake mwenyewe.

Lakini siku ile shefu wa baba kazini, muzungu, alikaribia meza yenye kuku yangu. Akainua bawa ya kuku, akapitisha kidole juu ya uzi, polepole.

"Waya hii iko natoka wapi?"

Mi na furaha yangu nikajibu, "Baba njo ananileteaka."

"Muzuri," akasema, akaenda.

Nikageuka, nikaona uso wa baba. Ulikuwa kama majivu.

Nyumbani akafunga mlango. "Mwanangu, haikutupwa. Nilikuwa naizungusha kiunoni, chini ya shati."

Mama akakaa chini. Jirani yetu alikamatwa juu ya kuiba kipande ya shaba. Yeye alipata boloko, gereza, na fimbo. Bibi yake na batoto banatupwa inje ya nyumba ya kampani, na magodoro yabo, mbele ya bantu bote.

Baba anasema, "Komite ya mashindano ikikuuliza, sema tulinunua waya kule Mokambo, mpakani."

"Na ile nilimwambia shefu?"

Nkambo anasema nijilaze, niseme niko mugonjwa. Lakini shefu hajasema neno juu ya waya. Kila asubuhi anamusalimia baba muzuri, anamuuliza, "Binti yako hajambo?" Baba anarudi, chakula hakigusi, usiku halali.

Jana Sista mumoja wa misioni alikuja na kicheko. "Habari njema! Kampani inatuma muntu Leopoldville, aeleze komite juu ya kazi yako. Ni shefu wa baba yako. Aliomba mwenyewe."

Aliomba mwenyewe! Juu ya nini?

Nikikataa, bataanza kuuliza sababu. Nikienda, nitasimama mbele ya komite, ule muzungu pembeni yangu, na ulizo ya kwanza ninaijua. Baba yangu hakuuza hata kipande kimoja. Aliiba juu ya kupenda mikono yangu. Hii haitamuokoa.

Niende ama nibaki? Na banaponiuliza, niseme nini? Munishauri, ninawaomba, kabla treni haijaondoka.